Boti ya Wagonjwa Iliambiwa Ingoje

Mpendwa Mama Getruda,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na uniwie radhi kama mwandiko wangu haueleweki, kwa sababu naandika kwa hasira, na hasira hii nimekaa nayo tangu Sabasaba mpaka sasa naogopa itanifanya nitende jambo ambalo sitaweza kulirudisha nyuma.

Mimi naitwa Venant Mutayoba, kwetu ni Bukoba lakini Mwanza nimeishi miaka mingi, nina mke na watoto hapa Butimba, na kazi yangu ni kiongozi wa mafundi katika karakana moja ya umma inayotengeneza boti. Chini yangu yupo fundi wa injini, wa mbao, wa kuchomelea na wa rangi, watu wazuri, hakuna mlevi wala mtoro, na nakuambia hivyo mapema kwa sababu sasa tunaitwa wazembe, na neno hilo siku hizi ukishabandikwa halibanduki, na mimi silikubali hata kidogo.

Shida yetu si uvivu, Mama, shida yetu ni neno haraka. Asubuhi nawapanga watu vizuri, kila mmoja na kazi yake, halafu kabla chai haijapoa anakuja tarishi wa Meneja anasema haraka, geti la mbele linalia, litiwe mafuta na lipakwe rangi kwa sababu kuna mgeni, basi fundi wa rangi anaiacha boti aliyokwisha kuikwangua anakimbilia geti, na hajalimaliza inakuja nyingine, haraka, viti vya ukumbi wa mikutano vimelegea miguu, seremala aende, haraka, mashine ya kusaga ya rafiki yake Meneja imekwama, fundi injini apande gari sasa hivi, na mchana huyo huyo naulizwa kwa ukali mbona boti za vijiji hazijatoka. Injini zinabaki wazi zimefunikwa matambara, huku tumefungua hiki na kule tumefungua kile, hakuna kilichofungwa, na kila anayekuja hasemi kazi yangu ni kubwa, anasema kazi yangu ni ya haraka, na mimi nakimbia, jioni nimechoka kama niliyelima shamba la pamba peke yangu, lakini ukiniuliza leo mmemaliza nini sina jibu.

Meneja wetu ni Ndugu Mihayo. Ukimwona hutamdhania ubaya, anacheka na watu, kwenye mikutano anazungumza vizuri mpaka unapiga makofi bila kujua, ila hawezi kusikia jambo lisilopigiwa kelele.

Sasa sikiliza, Mama. Katika boti tunazozitunza ipo moja inayoleta wagonjwa kutoka visiwani kuja hospitali huku mjini. Mwezi wa tano nahodha wake, mzee mmoja wa Kikerewe, mpole sana, alikuja kutuambia kwamba injini inachemka njiani, inambidi aizime katikati ya ziwa ipoe ndipo aendelee. Fundi wetu wa injini anaitwa Chenge. Aliingia ndani ya boti, akakaa humo kwa muda, akatoka mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Kaka Venant, ni pampu ya maji yanayopoza injini," akasema. "Mpira wake umekwisha, na bomba la chini limeziba. Mpira mpya tunao stoo. Tuipandishe boti nchi kavu siku mbili tu, nifungue, nisafishe, nifunge. Ikiachwa hivi, siku moja itaganda huko huko majini."

Nikaenda kwa Meneja nikamwambia pampu ya boti ya wagonjwa ni mbovu. Hakuinua hata kichwa.

"Inatembea au haitembei?"

"Inatembea, Ndugu Meneja, lakini..."

"Basi ingoje. Kitu kinachotembea hakiwezi kuwa cha haraka."

Nikarudi nikamwambia Chenge ingoje kidogo. Nahodha wala hakugomba, akawasha boti yake akaondoka, na kila akija mjini anapita kwetu anasema kwa sauti yake ile ile ya chini, "Bado inachemka, mwanangu," na mimi namjibu, "Wiki ijayo, mzee," na wiki ijayo inakuja na geti lake na viti vyake.

Ulipofika mwezi wa sita ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Meneja aliamua kwamba kwenye maandamano ya Sabasaba karakana yetu ipitishe lori lililobeba boti kubwa ya mbao, ya maonyesho tu, isiyoweza kuelea hata kwenye dimbwi, yenye bendera na mabaharia waliovaa nguo nyeupe, na mafundi wote wahamie huko. Na wakati huo mke wa Chenge, anaitwa Bernadetta, mtu wa Ukerewe, alikuwa na mimba yao ya kwanza, akavuka kwenda kwa mama yake karibu na Nansio ili ajifungulie huko, kama wengi wafanyavyo uzazi wa kwanza. Chenge akanifuata nikiwa napima mbao.

"Kaka, siombi ruhusa ya kwenda kwa mke wangu," akasema. "Naomba ile boti tu. Nipe siku mbili nimtoe nahodha wasiwasi, na mimi mwenyewe nitoke wasiwasi."

Nikarudi tena kwa Meneja, na safari hii nilimwambia wazi kwamba mke wa fundi wetu yuko kisiwani na ni mjamzito. Akanitazama kama mtoto anayesumbua.

"Venant, viongozi watapita mbele ya lori letu, unataka wakute mbao tupu? Maonyesho yana tarehe. Boti ile haina tarehe. Kachague mwenyewe lipi la haraka."

Nikarudi kwa Chenge nikamwambia tukimaliza Sabasaba kazi ya kwanza ni ile boti, nakuahidi, akaitikia "Haya," akachukua nyundo.

Siku ya maandamano, Mama, kwa sababu Chenge ni mrefu na ana umbo zuri, Meneja alisema yeye ndiye awe nahodha wa ile boti ya mbao. Akavalishwa kofia nyeupe, akapanda juu ya lori, lori likapita taratibu, kitambaa cha buluu kikitikisika pembeni kuonyesha mawimbi, watu wakashangilia, naye akawapungia mkono kama alivyoelekezwa. Na asubuhi hiyo hiyo Bernadetta alikuwa ziwani. Uchungu ulikuwa umemshika tangu siku iliyotangulia, mtoto amekaa vibaya, mkunga akaona hapana, huyu apelekwe Mwanza, wakampakia kwenye boti ya wagonjwa na mama yake pembeni. Nahodha alinisimulia mwenyewe. Waliondoka vizuri, wakafika mbali, injini ikachemka, akaizima ipoe, akaiwasha, ikaenda kidogo, ikachemka tena, na mara ya mwisho ilipozimika ilikuwa imeganda, haizunguki. Wakabaki wanaelea, jua linapanda, upepo unawasukuma pembeni, mama mtu anamshika mwanawe, mkunga anamwambia usisukume, na mzee wa watu amesimama anapunga khanga aliyoifunga kwenye fimbo. Wavuvi wa upande wa Kayenze ndio waliowaona. Wakaja na mitumbwi, wakafunga kamba, wakawavuta kwa makasia mpaka ufukweni, kutoka hapo wakapata lori lililobeba dagaa, likamfikisha hospitali mchana umekwisha. Waganga wakampasua. Mama wamemwokoa, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa wa kiume.

Nahodha ndiye aliyekuja uwanjani jioni, malori bado yamepangwa yanatazamwa, kutuletea habari, suruali yake imelowa mpaka mapajani, akasimama mbele ya lori akamwita Chenge ashuke. Chenge alidhani anaitwa kupigwa picha, akashuka anacheka. Yule mzee akamshika bega akamwambia. Chenge akaivua ile kofia, akaniwekea mimi mkononi, akaenda zake kwa miguu, watu wakimpisha kwa sababu ya zile nguo nyeupe.

Lori letu lilipewa cheti. Meneja amekitundika ofisini.

Sasa ndiyo hili linalonifanya nisilale vizuri. Kimeitishwa kikao cha kamati ya nidhamu Ijumaa ijayo kutafuta nani aliiacha injini ya boti ya wagonjwa mpaka ikaganda, na Chenge amesimamishwa kazi, yuko nyumbani kwake Pasiansi na mkewe, wala sijapata nafasi ya kwenda kuwaona kwa sababu natayarisha maelezo yangu ya kikao na kazi nazo hazipungui, na juzi Meneja ameniita akafunga mlango.

"Wewe utasema Chenge hakukuletea taarifa yoyote kuhusu pampu," akaniambia. "Fundi injini ni yeye. Akiondoka mmoja, karakana inapona."

"Lakini Ndugu Meneja, nilikuja kwako kuhusu pampu hiyo."

"Ulikuja kuniambia inatembea. Ukisema vingine, kamati itakuuliza wewe kiongozi ulikuwa wapi muda wote huo. Nataka jibu lako haraka."

Haraka tena! Mtu amepoteza mtoto, Meneja anataka apoteze na kazi, na mimi niwe panga lake! Seremala wetu, Ndalahwa, ambaye si mtu wa maneno, alivyosikia aliniambia mbele ya wenzake, "Ukienda kusema hivyo, usinitume tena hata msumari." Na kuna hili, Mama, usidhani natunga: ile boti imekokotwa mpaka kwetu, imefungwa gatini, visiwani hakuna boti ya wagonjwa, na jana tumeamriwa tuache yote tupake rangi ofisi na kung'arisha sakafu kwa sababu wajumbe wa kamati watapita. Na tumepaka! Nilisimama na brashi mkononi kwa hasira, lakini nimepaka.

Nifanye nini? Niseme kweli nifukuzwe kazi, watoto wangu wahangaike, niseme uongo nibaki na kazi, au niandike barua ya kuacha kazi nirudi Bukoba nikatunze migomba? Na nikibaki, nitawaongozaje watu ambao kila saa wanavutwa huku na huku, kila kitu cha haraka, na hakuna anayejali ni kitu gani? Nisaidie kabla ya Ijumaa. Andika jina langu lote, sijifichi.

Venant Mutayoba,
Butimba, Mwanza.

JIBU LA MAMA GETRUDA

Ndugu Venant, marahaba.

Jina lako nimeliacha kama ulivyotaka. La karakana nimelifuta mimi, kwa sababu gazeti si kikao na sitaki Ijumaa mtu aje azungumzie gazeti badala ya pampu. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini nikaenda kuchambua mchele mpaka nikapoa, maana ningejibu pale pale mhariri asingechapa.

Kuhusu meneja wako sina maneno mengi. Kumwambia mtu aseme uongo juu ya baba aliyefiwa na mtoto ni unyama, hata ukisemwa kwa sauti ya ofisini. Alipewa taarifa, akapewa tena, na mara zote mbili aliulizwa jambo la uhai wa watu, akajibu kwanza kwa habari ya kutembea, kisha kwa habari ya tarehe. Eti boti haina tarehe! Mimba inahesabiwa miezi, Ndugu Venant. Tarehe ilikuwepo, na mwenye mimba mlikuwa mnamjua kwa jina.

Lakini hukuniandikia ili nimgombeze Mihayo. Yeye hakuniandikia, wewe ndiye umeniandikia, kwa hiyo vumilia.

Nilikuwa muuguzi kabla sijawa mama wa kujibu barua, na nitakueleza tulivyofundishwa pale mapokezi. Asubuhi watu wanajaa kwenye mabenchi. Yupo kijana aliyejikata kidole, analia mpaka barabarani wanasikia, na ndugu zake wanamsukuma nesi, haraka, haraka. Yupo mwanamke amekaa kimya pembeni, amejifunika, hasemi kitu. Muuguzi mgeni anamkimbilia mwenye kelele. Muuguzi aliyefundwa anapita kwanza kwa yule aliyenyamaza, anamshika mkono, anaangalia macho yake, kwa sababu mara nyingi anayenyamaza ndiye asiye na nguvu ya kulia. Halafu anarudi kwa mwenye kidole, anakifunga, hakuna aliyekufa. Nahodha wako alikuwa yule wa kimya. Alikuja akasema "bado inachemka, mwanangu," bila kupiga meza, na wewe ukamweka nyuma ya geti. Geti, Venant!

Unasema kila kazi ilikuwa ya haraka. Si kweli, kila kazi iliitwa ya haraka, na wewe ukaacha wanaoita ndio wapange. Kiongozi wa mafundi si bomba la kupitisha maagizo kutoka ofisini mpaka kwenye nyundo. Ulikwenda kwa meneja ukasema "lakini," akakukata, ukarudi. Hukumwambia kwamba injini ikiganda watu wataelea ziwani na mgonjwa ndani. Chenge alikupa maneno hayo yote mdomoni, mwenyewe umeniandikia, na ulipofika mezani ukayameza. Nakuonea huruma, najua ilivyo kusimama mbele ya mkubwa asiyeinua kichwa. Lakini huruma yangu haiwezi kukutengenezea pampu.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla mtu hajashika spana, waite mafundi wako na kila kazi mliyonayo muiulize kwanza: isipofanyika kabisa, nani ataumia? Halafu ndipo muulize: isipofanyika leo, kutatokea nini? Mkianza na la leo mtamkimbilia kila mwenye kelele, na hayo mmeyaona. Ile boti ya wagonjwa inajibu vibaya kwa maswali yote mawili, kwa hiyo ipandishwe nchi kavu kesho hiyo hiyo, na fundi anayeifungua asiitwe na mtu yeyote mpaka aifunge. Chenge amesimamishwa? Basi omba fundi wa injini mahali pengine, usingoje kikao. Huko visiwani kuna akina Bernadetta wengine, na mtoto hangoji kamati ikae.

Boti za vijiji, ambazo leo hazijaharibika sana lakini zitaharibika, zipe siku yao katika juma na siku hiyo iheshimiwe kama siku ya kanisani. Hapo ndipo mliposhindwa. Kazi kubwa isiyopiga kelele haitapata nafasi hata siku moja ikiwa mnangoja nafasi ipatikane. Lazima mtu aikate mapema na kuilinda. Kama haina tarehe, ipe tarehe wewe, na useme tarehe hiyo kwa sauti mbele ya wote. Geti na viti vitapata mtu mmoja baada ya chakula cha mchana, akivimaliza amevimaliza, asipovimaliza mgeni atakaa kwenye kiti kinachoyumba, haitamdhuru. Mashine ya rafiki wa meneja si kazi ya umma, na fundi wa umma hapandi gari kwenda huko. Hiyo kataa, na ukikataa usitafute maneno matamu.

Tarishi akija, aje kwako tu. Asimvute fundi mkono akiwa ndani ya injini. Na meneja akisema haraka, usibishane naye kwamba si haraka, huko atakushinda kwa sababu anajua kusema kuliko wewe. Muulize jambo moja tu, mafundi wakiwa wanasikia: "Sawa, Ndugu Meneja. Tuache ipi kati ya hizi?" Kisha nyamaza umngoje. Akitaka uiache boti ya wagonjwa kwa ajili ya rangi, aseme yeye, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Wengi wakilazimishwa kulitamka jambo kama hilo hawalitamki.

Tuje kwenye Ijumaa. Hilo ulilolifanya kuwa gumu ni jepesi. Utasema Chenge alikuletea taarifa, utasema ulimpelekea meneja, utasema alikujibu nini, na utasema ulirudi tena alipoomba Chenge mwenyewe. Watakuuliza ulikuwa wapi. Waambie: nilikuwa pale pale, nilisema kwa woga, nikaambiwa ingoje, nikatii. Itauma, lakini ni kweli na utaimaliza kuisema ndani ya kikao kimoja. Ule uongo usingeumaliza kuusema, ungeusema kila asubuhi ukikutana na Ndalahwa. Kabla ya Ijumaa mtafute mwakilishi wa wafanyakazi katika kamati hiyo, umweleze yote, na umwombe nahodha aitwe aseme alichokiona. Aitwe rasmi, asiachwe tena kusimama mlangoni. Usiende peke yako kama mwizi. Kama watakufukuza kwa kusema kweli, niandikie siku hiyo hiyo, nami nitajua pa kuipeleka barua yako. Na hiyo barua ya kuacha kazi usiiandike. Migomba ya Bukoba ina wenyewe, na mafundi wako hawatakuwa na mtu akikaa kwenye kiti hicho mwingine asiyejua hata jina la pampu.

Nimekaribia kumaliza, na sasa ndipo nina hasira nawe hasa.

Umeniandikia barua ndefu. Umenieleza geti, cheti, kofia, brashi, mpaka suruali ya nahodha ilivyolowa. Katikati ya hayo yote ukapitisha maneno machache kama mtu anayepita uani asionekane: kwamba Chenge na mkewe wako Pasiansi na wewe hujapata nafasi ya kwenda kuwaona. Tangu Sabasaba! Nafasi ya kung'arisha sakafu ya kamati umepata. Nafasi ya kutayarisha maelezo ya kujitetea umepata. Umekaa na mwenzako karakana moja, amekuita kaka, mwanawe amezikwa, mkewe ana mshono tumboni na matiti yanajaa maziwa yasiyo na wa kunyonya, na wewe unapanga maneno ya Ijumaa. Unaona ulivyofanya? Umelipanga hili kama ulivyopanga ile boti. Kikao kina tarehe, Chenge hana tarehe, basi Chenge angoje.

Kwa nini unadhani hajasema kitu? Kwa sababu ameridhika?

Kwa hiyo yote niliyokuandikia hapo juu, ya karakana na ya kamati, yaweke pembeni. Gazeti hili likikufikia, likunje, umchukue mke wako, mwende Pasiansi jua halijazama. Mke wako aingie kwa Bernadetta, wanawake watajua la kufanya. Wewe kaa na Chenge. Usianze na habari ya Meneja, usimweleze ulivyobanwa, usimwambie Ijumaa utasema nini ili akushukuru. Usiombe akusamehe siku ya kwanza, huo nao ni mzigo kumtwisha mtu aliyefiwa. Wakikufungulia mlango, sema pole, kaa chini, nyamaza. Wasipokufungulia, rudi kesho.

Mama Getruda